Julai ya Makongeni: Anga la kijivu, jiko la makaa na ndege wanaobaki mtaani

Julai ikifika Makongeni hakuna anayehitaji kalenda. Utajua kwa foleni ya uji pale steji, kwa konda aliyevuta marvin hadi kwenye nyusi, na kwa mama mboga aliyejifunga leso mbili, moja kiunoni na nyingine mabegani juu ya sweta ya mtumba. Juu ya Jogoo Road anga limeshuka, rangi yake kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Jua lipo, ila limekuwa kama rafiki mwenye deni lako: linachungulia dakika kumi saa nane mchana, kisha halipatikani tena.

Mtandaoni wasee wanaiita winta. Jina letu wenyewe lipo, zuri kabisa, tumeliachia Pwani na vitabu vya shule: kipupwe. Najua kuna binamu aliye Toronto atakayecheka akisikia tunalia kwa sababu ya nyuzi 12. Acheke tu. Nyumba yake ina hita ukutani na madirisha ya vioo viwili viwili. Keja ya huku Eastlands ina sakafu ya saruji, paa jembamba na upenyo chini ya mlango unaotosha panya mzima kupita. Baridi ya mtu haipimwi kwa kipimajoto peke yake, inapimwa pia kwa nyumba anayolala.

Swali ambalo watu wengi hawajiulizi ni hili: tuko karibu na ikweta, hii baridi inatoka wapi? Nairobi iko nyuzi 1.3 hivi kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana wa Julai na ule wa Desemba unatofautiana kwa dakika chache tu. Kule Ulaya baridi huja kwa sababu jua linazama mapema na linapita chini kabisa. Hapa sivyo. Jua letu linachomoza na kutua saa zile zile za kawaida, ila kuna kitu kimekaa kati yetu nalo.

Kitu hicho ni upepo wa kusi na mawingu yake. Kusi huvuma kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, ambako wakati huu ni majira ya baridi kwelikweli, na huja ukiwa umebeba ubaridi na unyevu. Ni upepo ule ule ambao kwa karne nyingi uliwasukuma wenye majahazi wa Lamu, Mombasa na Zanzibar kurudi upande wa Arabuni na Bara Hindi. Katikati ya msimu wake, Juni na Julai, bahari huchafuka na wavuvi wengi hubaki pwani wakishona nyavu. Kwa hivyo unapotetemeka ukingoja mathree pale steji ya Makongeni, fahamu kwamba kuna mvuvi Kizimkazi anayelaani upepo huo huo.

Ukitoka baharini, upepo hupanda bara. Hadi kufika Nairobi umepanda zaidi ya mita 1,600, na hewa ikipanda hupoa, unyevu wake ukageuka wingu. Kwa kawaida wingu lingeendelea kukua hadi likawa mvua ya radi kama ile ya Aprili. Lakini wakati wa kipupwe, juu ya hilo wingu hukaa tabaka la hewa kavu na yenye joto kidogo, kama mfuniko wa sufuria. Wingu linashindwa kupenya, linatandazika kama blanketi mji mzima. Ndiyo maana Julai tunapata manyunyu ya kukera badala ya mvua. Kwa mwezi mzima Nairobi hupata chini ya milimita 20 hivi za mvua, ilhali Aprili pekee huvuka 100 bila shida. Mchana joto hufika nyuzi 21 au 22, usiku hushuka hadi 12 na wakati mwingine chini ya hapo.

Mfuniko huo una hasara nyingine ambayo watu wa mitaa yetu wanaivuta kila siku. Makongeni imebanwa: kaskazini kuna Jogoo Road na moshi wa magari, kusini kuna reli na ng'ambo yake viwanda vya Industrial Area. Hewa ya joto ikikaa juu na ya baridi chini, moshi haupandi. Unabaki pale pale, usawa wa pua. Taasisi ya utafiti ya APHRC iliwahi kupima hewa Korogocho na hapo Viwandani, jirani zetu, na ikakuta vumbi laini la moshi, hata ndani ya nyumba, limepita kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali. Ukiona kikohozi cha Julai hakiishi, usilaumu soda baridi peke yake.

Jiko ndani ya keja

Hapa ndipo kipupwe kinakuwa suala la uhai. Jioni ikifika, makaa yakishaivisha ugali, watu wengi hawalizimi jiko. Wanalivuta ndani, wanafunga dirisha, wanaziba ule upenyo wa chini ya mlango kwa nguo kuukuu, wanalala. Kila mwaka msimu huu tunasoma habari za familia iliyokutwa asubuhi haijaamka, mara nyingine wanafunzi wawili waliokuwa wakiishi pamoja.

Muuaji ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Makaa yasipopata hewa ya kutosha ndipo yanapoitoa kwa wingi, na yale makaa mekundu yasiyotoa moshi, ambayo mtu huyaona salama, huitoa pia. Ikiingia mwilini huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, kwa hivyo damu inazunguka huku haibebi hewa. Dalili zake zinafanana na uchovu wa kawaida: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mtu anadhani amechoka na kazi, anajilaza, imeisha.

Kama mnapikia ndani, dirisha na mlango viwe wazi, na kabla ya kulala jiko litoke nje hata kama limebaki na makaa mawili. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa miguuni inafanya kazi nzuri ajabu, na haijawahi kuua ploti nzima. Mwenzako akianza kulalamika kichwa huku jiko linawaka, usimpe dawa ya maumivu. Mtoe nje kwanza, halafu mpelekeni hospitalini.

Sasa inua macho

Wakati sisi tumejikunyata, juu ya mabati kuna maisha yanayoendelea. Kaunti ya Nairobi ina zaidi ya spishi 600 za ndege zilizowahi kurekodiwa, idadi ambayo miji mikuu michache sana duniani inaweza kuifikia. Wengi hudhani hao wote wako Karura au kwenye mbuga ya wanyama. Wapo pia hapa, na Julai ni wakati mzuri wa kuwajua, kwa sababu wanaobaki ni wenyeji wenyewe. Wageni wameondoka.

Wa kwanza kuamka ni kwarara, yule tunayemwita hadada. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi utawasikia wawili au watatu wakipita juu ya nyumba wakipiga kelele ambayo kengele ya simu haiwezi kushindana nayo. Jina hadada limetokana na kilio chake chenyewe. Mwangalie kwa karibu akishuka kwenye nyasi: kwa mbali ni kijivu tu, lakini begani ana mng'ao wa kijani na zambarau kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Mdomo mrefu uliopinda anautumbukiza ardhini kutafuta minyoo na mabuu. Manyunyu ya Julai yanaulainisha udongo, kwa hivyo yeye hana malalamiko.

Kisha kuna mwewe. Ukitaka kuelewa kwamba hali ya hewa inawabana ndege kama inavyotubana sisi, mtazame mwewe asubuhi ya kipupwe. Siku ya jua, kufikia saa tatu asubuhi tayari anazunguka juu, mabawa yametulia, mkia wake wenye panda ukipinda huku na huku kama usukani. Anaweza kukaa hewani saa nzima bila kupiga mabawa, kwa sababu jua likipasha lami na mabati, hewa ya moto hupanda na yeye huipanda kama lifti. Asubuhi ya Julai hakuna lifti. Lami ni baridi, mabati ni baridi. Utamkuta ameketi kwenye nguzo ya taa, manyoya ameyatutumua, anangoja. Saa tano hivi, wingu likilegea kidogo, ndipo anaanza kazi.

Na kazi yake tunaijua. Mwewe wa Nairobi mwenye mdomo wa manjano amesomea mji huu. Anajua saa ya mapumziko ya shule, anajua mtoto aliyeshika mandazi bila kuangalia juu. Anashuka kwa nyuma, hugusi ngozi yake, unabaki ukitazama vidole vyako. Kina mama wanaofuga kuku nyuma ya nyumba wana kesi nzito zaidi naye kwa sababu ya vifaranga. Lakini huyo huyo hula panya na mizoga, na ukikaa Burma, pale kwenye soko la nyama karibu na City Stadium, utaona kwa nini hakai njaa. Kiota chake ni kioja pia: anapanga vijiti, halafu anapamba kwa matambara, karatasi na plastiki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini mwewe bado hajakosa vifaa vya ujenzi.

Korongo marabu ndiye mzee wa mtaa. Anasimama hadi mita moja na nusu, uzito wake unaweza kufika kilo 9, na akifungua mabawa yanapita mita 2.5. Watu wanamcheka kwa kipara chake na ule mfuko wa shingoni, lakini kipara kina maana: anayeingiza kichwa ndani ya mzoga hahitaji nywele za kushika damu. Miguu yake unayoiona myeupe si myeupe kwa asili. Huinyia mwenyewe ili unyevu ukikauka umpoze wakati wa joto. (Julai sijui anajipoza kwa ajili ya nani, ila tabia ni tabia.) Utawaona kwenye migunga ya karibu na uwanja wa Nyayo, na wengi zaidi Dandora, kwenye lile jaa lililofunguliwa 1975 na kutangazwa kujaa tangu 2001. Jaa hilo linawalisha. Kipimo cha tulichoshindwa kukipanga katika mji huu ni idadi ya marabu wanaonenepa kwa taka zetu.

Kunguru naye anahitaji wakili. Kunguru wa Makongeni ana fulana nyeupe kifuani na shingoni, na ni mwenyeji wa Afrika halali. Yule anayesumbua Mombasa na Malindi ni mwingine, kunguru wa India, mwembamba, mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kusambaa pwani yote akila mayai na vifaranga vya ndege wengine. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja wa aina hiyo. Tangu hapo ukimtaja kunguru, mtu anauliza sumu inauzwa wapi. Polepole. Mwenye fulana nyeupe hana kesi hiyo, na sumu ikitupwa ovyo huwa haiulizi kitambulisho: inamuua mwewe, inamuua paka, inamfikia mtoto.

Ukiwa na subira zaidi, shuka kwa wadogo. Kuna mmoja wa rangi ya kahawia, ana kishungi kichwani na mkia mrefu kama penseli, anayepanda matawi kama panya. Hao huishi kwa vikundi, na asubuhi za baridi hukaa wameshikamana kifua kwa kifua. Jua likichungulia wananing'inia kwenye tawi wakilionyesha tumbo ili lipate joto haraka. Mwili wa ndege huwa na joto la nyuzi 40 hivi, na ukiwa na mwili mdogo kama kiberiti, kulitunza joto hilo usiku kucha ni kazi ya kula kutwa nzima. Shomoro unayemwona anagombania punje za wali nje ya hoteli hafanyi mzaha. Analipa bili ya usiku.

Waliosafiri

Sasa fikiria ambao hawapo. Mbayuwayu wa Ulaya, wale wa mgongo wa buluu na koo jekundu wanaopanga mstari kwenye nyaya za stima, saa hii wako kwenye mazizi ya Poland na Urusi wakilea. Wana uzito wa gramu 20 hivi. Baridi ya kule ikianza kunusa, wadudu wakipungua, wataondoka, wavuke bahari na Sahara, na kuanzia Septemba watapita juu ya Jogoo Road, wengine wakiendelea hadi Afrika Kusini. Kwao Nairobi ndiyo sehemu ya kukimbilia joto. Ukilinganisha na Moscow ya Januari, unaelewa.

Usiwachanganye na vijumbamshale, weusi wenye kiuno cheupe, wanaopiga mluzi kwa makundi jioni. Hao tunao mwaka mzima. Tofauti ni rahisi: kijumbamshale hawezi kukaa kwenye waya. Miguu yake ni mifupi mno, inafaa tu kung'ang'ania ukuta. Kiota chake hukigandisha kwa mate na manyoya chini ya daraja au chini ya ukingo wa paa.

Na ukingo wa paa ndio habari yenyewe kwa sasa. Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, nyumba za chini, safu kwa safu, na katikati yake nafasi za wazi na miti iliyozeeka pamoja na wapangaji. Jina la mtaa limekuwa kwenye orodha ya mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu tangu 2018, na mwishoni mwa 2025 familia zikaanza kufunga virago na mapaa kung'olewa. Mjadala mkubwa ni wa watu, na unastahili kuwa hivyo: nani anapata nyumba mpya, kwa bei gani, na aliyezaliwa hapa anaenda wapi wakati wa kungoja. Siwezi kumwambia mtu aliyepoteza paa lake aanze kulilia shomoro.

Lakini kuna swali dogo linaloweza kuulizwa katika mikutano ile ile: miti mikubwa inabaki mingapi? Mti wenye umri wa miaka 50 haununuliwi kwenye kitalu cha kando ya barabara. Ndiye anayempa mwewe kiota, ndiye anayevunja ule upepo wa Julai kabla haujafika mlangoni, na Februari ndiye mwenye kivuli. Maghorofa yanaweza kuchorwa kuuzunguka. Kwenye mitaa ya matajiri hufanyika hivyo, mbona isiwe huku?

Kuhesabu kunasaidia, kwa sababu kisichoandikwa popote huonekana hakikuwepo. Kuna mradi unaoitwa Kenya Bird Map, ulioanza 2013, ambao umegawa nchi kwa vipande vya kilomita 9 kwa 9 hivi. Mtu yeyote anaweza kutuma orodha ya ndege aliowaona kwenye kipande chake kwa kutumia simu. Ukishindwa kutaja jina la ndege, programu ya Merlin ni ya bure na inaweza hata kusikiliza mlio. Na kila Jumatano asubuhi saa mbili unusu, wanachama wa Nature Kenya hukutana Makumbusho ya Taifa kwa matembezi ya kutazama ndege yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno 1971. Jumatano asubuhi si saa ya mtu mwenye kibarua, hilo najua. Ila kama uko likizo au unatafuta kazi bado, ni nauli ya mathree mbili na unapata watu wanaojua kila mlio.

Kama huna nauli, ngoja mwisho wa Septemba. Nenda kwenye uwanja wowote wa soka wenye nyasi fupi, mapema kabla timu hazijaingia. Tafuta ndege mdogo mwenye tumbo la manjano, anayekimbia badala ya kurukaruka na asiyeacha kutikisa mkia. Akiwa mmoja tu, subiri kidogo. Kwa kawaida huja wengi.